Majuma Manane na Marko: Mwongozo wa Kumjua Yesu kwa Karibu

Chukua karatasi na, kabla ya kufungua Biblia, andika mambo kumi unayoyajua kuhusu Yesu. Usimuulize mtu, usishike simu. Huenda utaanza kwa kasi: alizaliwa Bethlehemu, mama yake ni Mariamu, alisulubiwa, akafufuka, atarudi. Angalia kalamu inaanza kusita ukifika jambo la ngapi.

Ikisita mapema, usijilaumu. Hata Imani ya Mitume, ambayo wengi tunaikiri kila Jumapili, inatoka kwa Bikira Mariamu na kuingia moja kwa moja kwa Pontio Pilato. Yaliyo katikati hayamo: alikula na nani, alimkasirikia nani, alimwonea nani huruma, alikataa nini. Imani ya Mitume haikutungwa kwa kazi hiyo. Kazi hiyo ni ya Injili. Katika Kanisa Katoliki, Papa Yohane Paulo II aliongeza Matendo ya Mwanga kwenye rozari Oktoba 2002, ili anayesali atafakari pia maisha ya Yesu tangu ubatizo wa Yordani hadi karamu ya mwisho.

Mwongozo huu unakupa njia ya kuyaingia maisha hayo, uwe Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana, Mpentekoste au Msabato. Unahitaji majuma manane, nusu saa kwa siku, na Injili moja: Marko.

KWA NINI KUMJUA YEYE

Mara nyingi tunaupima ukuaji wa imani kwa shughuli: kwaya, mikesha, semina, sadaka, cheo katika kamati. Shughuli hizo ni njema, lakini Mathayo 7:21–23 inatupa tahadhari kali. Wanaofukuzwa pale walitoa unabii na kufanya miujiza. Walichokosa ni kujulikana na Bwana wao na kuyatenda mapenzi ya Baba yake. Kwa upande mwingine, katika Wafilipi 3, Paulo yumo kifungoni baada ya miaka mingi ya utume, amefungua makanisa, ameandika barua, na bado anachokitaka kuliko vyote ni kumjua Kristo.

Kuna sababu nyingine, ya maisha ya kila siku. Imani hutegemea unamjua kiasi gani yule unayemwamini. Ukijua tu kwamba Yesu anaweza kuponya, imani yako itasimama siku mgonjwa wako anapoinuka, na kuyumba siku anapozikwa. Ukimjua mwenyewe, jinsi alivyolia, alivyochoka, alivyoomba kikombe kimwepuke na kisimwepuke, una mahali pa kushika hata majibu yanapochelewa.

KWA NINI INJILI MOJA, TENA MARKO

Wengi wetu tumempokea Yesu kwa vipande: aya ya asubuhi katika kundi la WhatsApp, mstari ulioandikwa nyuma ya daladala, kisa kimoja kwenye mahubiri. Ni sawa na mtu anayefuatilia mechi kwa kutazama magoli tu kwenye simu. Anajua matokeo, lakini mchezo hakuuona. Tena vipande huchaguliwa, na kila mtu huchagua kinachomfaa. Mwenye hasira humchukua Yesu aliyepindua meza. Mwenye kutaka mali humchukua Yesu aliyezidisha mikate. Asiyetaka kuguswa humchukua Yesu wa kwenye picha, mpole, kimya. Injili ukiisoma yote kwa mpangilio wake, utakutana na Yesu ambaye hukumchagua.

Marko ni fupi kuliko zote nne: sura 16 tu. Msomaji wa kawaida anaweza kuimaliza kwa sauti katika muda wa saa moja na nusu hivi. Haina orodha ya ukoo wala hadithi ya kuzaliwa. Inaanza na mtu mzima anayefanya kazi. Na haifichi udhaifu wa wanafunzi. Wanaogopa, wanagombea ukubwa, wanasahau mikate, wanakimbia. Msomaji anayejiona mzito wa kuelewa atapata wenzake humo.

KISANDUKU: UTAKAVYOHITAJI
• Biblia ya karatasi ikiwezekana. Union Version ya 1952 ina lugha nzito tuliyoizoea kanisani. Habari Njema ina Kiswahili chepesi. Ukiwa nazo zote mbili, soma moja na ukague nyingine pale usipoelewa.
• Daftari dogo na kalamu.
• Saa maalumu, na mahali pasipo na televisheni.
• Mtu mmoja anayejua kwamba umeanza.
• Ukisomea kwenye simu, zima data kwanza.

KABLA HUJAANZA

1. Chagua tarehe. Ukitaka, hesabu majuma manane nyuma kutoka Pasaka, ili sura za msalaba na kaburi wazi zikukute katika Juma Kuu.
2. Isome Marko yote kwa kikao kimoja, au vikao viwili. Usiandike chochote. Lengo ni kuuona mwendo mzima: Galilaya kwanza, kisha safari, kisha Yerusalemu.
3. Hifadhi ile karatasi ya mambo kumi ndani ya daftari. Utaihitaji mwishoni.

RATIBA YA MAJUMA MANANE

Kila juma lina sura mbili. Zigawanye katika siku tano, tukio moja au mawili kwa siku. Siku ya sita rudia lile lililokugusa zaidi. Siku ya saba ni ya ibada na mapumziko.

Juma la 1 (sura 1–2): Mamlaka yake. Angalia anavyoamka alfajiri kwenda kuomba wakati watu wote wanamtafuta (1:35–38), na anavyowakatalia.
Juma la 2 (sura 3–4): Wanaomwelewa vibaya. Jamaa zake wanadhani amerukwa na akili (3:21). Kwenye dhoruba, amelala juu ya mto (4:38).
Juma la 3 (sura 5–6): Wanaomgusa. Mwenye pepo makaburini, mwanamke mgonjwa, binti Yairo, makutano wenye njaa.
Juma la 4 (sura 7–8): Nusu ya njia. Mwanamke wa kigeni anayejibizana naye, kisha swali la Kaisaria Filipi.
Juma la 5 (sura 9–10): Njiani kwenda Yerusalemu. Baba mwenye imani iliyochanganyika na shaka, watoto, tajiri, Bartimayo.
Juma la 6 (sura 11–12): Hekaluni. Meza zinapinduliwa, mjane anatoa senti mbili.
Juma la 7 (sura 13–14): Usiku mrefu. Anakiri kwamba siku ile haijui (13:32), anahuzunika Gethsemane, Petro anamkana.
Juma la 8 (sura 15–16): Msalaba na kaburi wazi.

Neno kuhusu mwisho wa kitabu: Biblia nyingine huweka mabano au maelezo kwenye 16:9–20. Usishtuke. Hati mbili maarufu za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, zinaishia mstari wa 8, wanawake wakikimbia kwa hofu. Kufufuka kwa Yesu kumekwisha kutangazwa katika mstari wa 6, kwa hiyo imani yako haining'inii kwenye mabano hayo.

HATUA ZA KILA SIKU

1. Tulia kwa dakika mbili. Mwombe Roho Mtakatifu akuonyeshe Yesu, si hoja za kumshindia mtu.
2. Soma tukio la siku kwa sauti, polepole. Sikio hukamata kinachorukwa na jicho.
3. Lisome tena ukijiweka mahali pa mmoja wa waliokuwapo: mgonjwa, mwanafunzi, Farisayo, mtu wa nyuma kabisa katika umati.
4. Jiulize maswali manne na uyajibu kwa ufupi katika daftari:
   a) Yesu anafanya nini, na anakataa kufanya nini?
   b) Anauliza swali gani?
   c) Anamtendeaje mtu asiye na cheo?
   d) Kitu gani kinanishangaza au kunisumbua?
5. Andika sentensi moja inayoanza hivi: "Yesu ni mtu ambaye…" Itoke katika tukio ulilosoma, si katika mahubiri ya zamani.
6. Igeuze sentensi hiyo kuwa sala. Semezana naye moja kwa moja. Kama limekusumbua jambo, mwambie hilohilo.
7. Chagua tendo moja la kufanya kabla ya kulala. Liwe dogo, liwe na jina la mtu.

Usiiruke hatua ya saba. Yakobo 1:22–25 inamfananisha anayesikia asitende na mtu aliyejiangalia kwenye kioo akaondoka, akasahau sura yake. Na 1 Yohana 2:3–4 inafungamanisha kumjua na kushika amri zake. Kuna mambo ya Yesu ambayo hutayaelewa mpaka umejaribu kuyafuata: msamaha, kwa mfano, hauna maana kubwa kwenye daftari.

MFANO WA SIKU MOJA: MARKO 5:21–43

Yairo, mkuu wa sinagogi, anamwomba Yesu aje haraka, bintiye anakufa. Njiani mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, aliyemaliza mali yake kwa matabibu, analigusa vazi la Yesu katikati ya msongamano.

Anafanya nini? Anasimama. Kiongozi mwenye dharura anasubiri, na yeye anamtafuta asiyetaka kuonekana. Anakataa nini? Anakataa mwanamke yule aondoke na uponyaji wa kuiba, bila kuonwa wala kusikilizwa.

Anauliza nini? Anauliza ni nani aliyemgusa, swali ambalo wanafunzi wanaliona la kipuuzi kwa jinsi watu walivyojazana.

Anamtendeaje asiye na cheo? Kwa sheria za unajisi mwanamke huyu alipaswa kukaa mbali na watu. Yesu anamwita binti mbele ya umati huohuo. Na nyumbani kwa Yairo, msichana wa miaka 12 akiinuka, Yesu anakumbuka jambo la mama wa jikoni: mtoto apewe chakula.

Kinasumbua nini? Wakati Yesu amesimama, mtoto wa Yairo anakufa. Huruma kwa mmoja imeonekana kuwa kuchelewa kwa mwingine. Usikimbilie kulainisha jambo hili. Kaa nalo, ukiwa Yairo.

Sentensi: Yesu ni mtu ambaye haharakishwi na cheo cha mtu.

Sala: mweleze jambo lako lililochelewa, ulitaje kwa jina.

Tendo: leo kuna mtu utakayeona anakuchelewesha, labda mlinzi wa getini anayetaka kukueleza habari za mwanawe, labda bibi anayehesabu sarafu dukani. Simama umsikilize hadi amalize.

MAHALI PA KUKAA ZAIDI: SURA YA 8 HADI YA 10

Majuma ya nne na ya tano ndiyo kiini cha safari. Pale Bethsaida (8:22–26) Yesu anamponya kipofu kwa hatua mbili. Mara ya kwanza mtu yule anaona watu kama miti inayotembea; Yesu anamwekea mikono tena, ndipo anaona vizuri. Mara tu baada ya hapo Petro anamkiri kuwa ndiye Kristo, na muda mfupi baadaye anakemewa kwa sababu hataki kusikia habari za mateso. Petro naye anaona nusu.

Mara tatu Yesu anatangaza kifo chake (8:31; 9:31; 10:33–34), na kila mara wanafunzi wanafuatisha jambo lisilolingana: Petro anamkemea, wote wanabishana juu ya nani mkubwa, Yakobo na Yohana wanaomba viti vya utukufu. Linganisha 10:36 na 10:51. Yesu anawauliza wana wa Zebedayo na kipofu Bartimayo swali lilelile: wanataka awafanyie nini? Wawili wanataka ukubwa. Kipofu anataka kuona, na akishaona anamfuata njiani.

Lijibu swali hilo kwa maandishi, kwa ukweli, wala usijipambe. Huenda jibu lako la kweli ni kiti, cheo au gari. Liandike hivyo hivyo. Yesu hakuwafukuza wana wa Zebedayo kwa ombi lao, aliwafundisha.

MAKOSA YA KAWAIDA

Kurukia funzo. Umesoma mistari mitatu, tayari una wosia wa kuwapa wengine. Mtazame Yesu kwanza; funzo litakuja.

Kumtafuta Yesu wa kukubaliana nawe. Kama katika majuma manane hakuna alilosema likakuchoma, rudi ukasome polepole.

Kukusanya maarifa. Katika Yohana 5:39–40 Yesu anawaambia watu waliochunguza Maandiko kwa bidii kwamba hawataki kuja kwake. Unaweza kujua ramani yote ya Galilaya ukabaki hivyo.

Kupima kwa hisia. Zipo siku za ukavu. Soma, andika hata neno moja, nenda kazini.

Kulipa deni. Ukikosa siku tatu, usijaribu kuzisoma zote usiku mmoja. Endelea na siku ya leo.

KISANDUKU: TAHADHARI
Kiu ya kumjua Yesu hutumiwa vibaya na wajanja. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka, waumini waliaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Ondoka, na utafute msaada, mahali ambapo:
• unaambiwa uache dawa za hospitali ili kuthibitisha imani;
• unaamriwa kufunga bila kikomo, au watoto wanafungishwa;
• maombi, maji au mafuta yana bei;
• unatakiwa kukata uhusiano na familia;
• mtu mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kueleza Maandiko.
Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha au anayetumia dawa azungumze na mhudumu wa afya kabla ya kufunga. Katika Marko 2:17 Yesu alijieleza kwa mfano wa tabibu na wagonjwa, hakuwadharau matabibu.

UKISOMA NA WENZAKO

Macho ya wengi huona usichokiona, na eneo letu lina urithi wa jambo hili. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika kwa njia ya ushirika wa ndugu walioungama na kushuhudia waziwazi. Katika miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa Jumuiya Ndogo Ndogo kipaumbele katika uchungaji. Kama jumuiya yako hukutana nyumba kwa nyumba, itumie. Kama haipo, watu wanne wanatosha. Saa moja iende hivi:

1. Sala fupi na wimbo mmoja (dakika 5).
2. Tukio moja lisomwe mara mbili, na wasomaji wawili tofauti (dakika 10).
3. Kimya (dakika 3). Msikiogope.
4. Kila mtu aseme kitu kimoja alichokiona kwa Yesu. Bila mahubiri, bila kusahihishana (dakika 20).
5. Kila mtu ataje tendo lake la juma lililopita: alilifanya, au lilimshinda (dakika 12).
6. Sala za kuombeana (dakika 10).

Kiongozi alinde mambo mawili: mzungumzaji mmoja asile muda wa wote, na siri iliyosemwa pale isitoke nje. Mama mkwe na mkaza mwana wakiwa kundi moja, au mwajiri na mfanyakazi wake, mpe kila mmoja nafasi ya kunyamaza.

UKIKWAMA

Unafanya kazi za usiku au unaendesha bodaboda? Tumia Biblia ya sauti ukiwa kijiweni, si ukiwa barabarani. Sikiliza tukio moja mara tatu. Maswali manne yajibu kichwani.

Husomi vizuri? Mwombe mtoto wa shule akusomee. Nawe mweleze ulivyoelewa, mtasoma wawili.

Una shaka? Yule baba wa Marko 9:24 alikiri imani na kuomba msaada wa kutoamini kwake kwa pumzi moja, na mtoto wake akaponywa. Anza na sala ya namna hiyo.

Umeudhika na Yesu? Andika lililokuudhi na mstari wake, kisha umpelekee mchungaji, padri au katekista unayemwamini.

ORODHA YA KUJIKAGUA MWISHONI

Baada ya juma la nane chukua karatasi mpya, andika tena mambo kumi kuhusu Yesu, uiweke pembeni ya ile ya kwanza. Kisha weka alama panapostahili:

☐ Naweza kusimulia matukio matano ya Marko bila kufungua kitabu.
☐ Nimekuta jambo kwa Yesu ambalo sikulitarajia.
☐ Sala zangu zina kumsikiliza na kumshukuru, si maombi ya mahitaji tu.
☐ Kuna mtu niliyemsamehe, niliyemwomba radhi au niliyemrudishia haki yake.
☐ Watu wa nyumbani wameona tofauti, hata ndogo.
☐ Nikisikia mahubiri, ninauliza kama Yesu anayehubiriwa anafanana na niliyemsoma.

Alama mbili au tatu si haba. Usipopata hata moja, rudia sura 8 hadi 10 peke yake kwa juma moja, safari hii ukiwa na mwenzako. Ukiwa tayari kuendelea, chukua Luka, sura 24, umwone Yesu mezani na maskini. Kisha Yohana, sura 21, anayekaa muda mrefu katika mazungumzo ya mtu mmoja mmoja. Maswali manne ni yaleyale.

Sasa andika tarehe yako ya kuanza kwenye jalada la daftari, umtumie ujumbe yule mtu mmoja atakayekuuliza umefika wapi, kisha ufungue Marko 1:1.